Mashine ya Kushona

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba mama alinipigia simu kutoka Kitgum. Aliniuliza kama nimekula, kama baridi imeanza, na kama yule mzee niliyepanga kwake ni mtu mwema. Nilimjibu kwamba ni mwema sana, na kwamba siku hizo nilikuwa nikimsaidia kuchagua mashine mpya.

"Mashine ya nini?" akauliza.

Nikasita kidogo, kisha nikasema, "Ya kushona."

Huo ulikuwa uongo. Mashine yenyewe ilikuwa ya kujazia upya maganda ya risasi nyumbani. Katika insha hii nitaeleza mashine hiyo ni kitu gani, tuliichaguaje, na kwa nini mimi, mtu mzima na mwalimu msaidizi wa Kiswahili, nilimdanganya mama yangu.

Nilikuwa katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, kwa mwaka mmoja, nikisaidia kufundisha Kiswahili kwa wanaoanza katika chuo kimoja. Nilipanga chumba kwa mzee mjane wa miaka 78, fundi bomba mstaafu. Nilimwita "Mzee", nikamweleza kwamba kwetu ni neno la heshima. Alilipenda, akaanza kujitambulisha hivyo hata kwa majirani. Yeye aliniita kwa jina langu la kwanza, kama ilivyo desturi yao, nami nikazoea.

Kila Jumamosi Mzee alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Huko hawapigi mnyama wala ndege. Hupiga visahani vinavyorushwa hewani na mtambo. Huitwa visahani vya udongo, ingawa hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa ili vivunjike kwa urahisi. Mzunguko mmoja ni visahani 25, nalo sanduku la risasi lina risasi 25. Baada ya kupiga, Mzee aliokota maganda yake na kurudi nayo nyumbani kwenye ndoo. Kisha alishuka nayo chumba cha chini, kwenye meza nzito iliyofungwa ukutani. Juu ya meza hiyo ilisimama mashine yake ya zamani, ya rangi nyekundu, yenye mpini wa kuvuta.

Mara ya kwanza aliponiita nishuke nikaione, nilifika ngazi ya tatu nikasimama. Niliona ndoo imejaa maganda. Miguu yangu ilikataa.

Wenzangu mliokulia kaskazini mwa Uganda hamhitaji maelezo marefu. Nilipokuwa na umri wa miaka saba, kila jioni watoto wa kijijini kwetu tulijitwisha mablanketi tukatembea kwenda mjini kulala, kwenye baraza za maduka na viwanja vya hospitali, tusije tukatekwa na waasi usiku. Asubuhi tulirudi. Tulifanya hivyo mpaka 2006, mazungumzo ya amani yalipoanza Juba. Njiani tuliyakuta maganda ya risasi, mengine bado yanang'aa. Watoto waliyapenda kwa kuwa yalilia kama filimbi ukiyapuliza. Mama alinikuta nalo moja mfukoni, akanichapa, halafu akalia yeye. Aliniambia nisiguse tena kitu kile maisha yangu yote.

Kiswahili nacho nilikisikia kwanza barabarani huko huko. Maneno yangu ya mwanzo yalikuwa ya askari: simama, lala chini, toa kitambulisho. Nyumbani tulisema Kiacholi, shuleni Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Nilipochagua kukisomea chuoni, shangazi yangu aliuliza kama ninataka kuwa mwanajeshi.

Kwa hiyo nilisimama ngazi ya tatu. Mzee aliniangalia, hakunicheka, akasogeza ndoo nyuma ya mlango. Akasema hahitaji mikono yangu. Anahitaji macho yangu.

Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tarehe ya upasuaji ilikuwa bado miezi kadhaa. Mashine yake ilikuwa imechakaa: akipima baruti mara kumi, mizani ilimpa majibu ambayo hayakulingana. Alitaka kununua nyingine, lakini hakuweza kusoma maandishi madogo ya vitabu vya maelezo. Mikono yangu isingefaa hata kama ningependa, kwa sababu sheria ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa imetuonya mapema. Tukakubaliana: mimi nitakaa kwenye kigoda upande wa pili wa meza, nitasoma, nitaandika, sitagusa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuelewa ninachosoma, na hapo ndipo lugha iliponisaidia. Risasi ya bunduki ya marisau ina sehemu tano. Kuna ganda la plastiki lenye kitako cha madini. Kuna fataki, kitufe kidogo kitakoni kinachowaka kikigongwa. Kuna baruti. Juu yake kuna kikombe cha plastiki kinachotenganisha baruti na kilichomo ndani yake, yaani marisau, vile vipira vidogo vya madini ya risasi. Mwisho mdomo wa ganda hukunjwa kwa mikunjo sita au minane ili vitu visimwagike.

Mnaona kwamba maneno karibu yote tunayo. Fataki, baruti na marisau ni maneno ya zamani ya pwani, tangu enzi za magobori. Risasi kwetu ni jina la madini na ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki. Na katika kamusi za kale nilikuta jambo lililonishangaza zaidi: risasi nzima, pamoja na ganda lake, iliitwa kiasi. Kiasi cha bunduki. Nilimweleza Mzee kwamba neno hilo hilo tunalitumia kuuliza bei sokoni na kumwonya mlevi. Aliweka mpini chini akasema wazee wetu waliielewa kazi hii vizuri, maana yote ni kupima.

Hata ukubwa wa bunduki yenyewe ni kipimo cha namna hiyo. Bunduki yake iliitwa namba 12. Maana yake ni kwamba vipira 12 vya madini ya risasi, vyenye upana wa mtutu wake, vina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba 20 ni bunduki nyembamba zaidi, si nene zaidi. Nilipoelewa hilo nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Basi tukaanza kuchagua. Nilichora jedwali lenye safu tatu.

Safu ya kwanza ilikuwa ya Lee Load-All, mashine ndogo ya bei nafuu, yenye sehemu nyingi za plastiki, inayokuja na vipimio vyake ndani ya sanduku. Inamfaa anayetaka kujaribu kazi hii kabla ya kutoa fedha nyingi. Mzee aliisifu, lakini alisema kwa mtu ambaye ameifanya kazi hii miaka 40, mpini wake ungekuwa mwepesi mno mkononi.

Safu ya pili ilikuwa ya MEC 600 Jr., inayotengenezwa Mayville, mji wa Wisconsin hiyo hiyo. Ni ya aina ya ile aliyokuwa nayo. Katika mashine hii, ganda moja linahamishwa kwa mkono kutoka kituo hadi kituo: fataki ya zamani inatolewa, mpya inaingizwa, baruti inashuka, kikombe kinasukumwa, marisau yanamiminika, mdomo unakunjwa. Ganda likiisha ndipo unachukua jingine.

Safu ya tatu ilikuwa ya mashine za mfululizo, kama MEC 9000. Hapa kila kituo kina ganda lake kwa wakati mmoja, na kila unapovuta mpini risasi moja iliyokamilika hutoka. Nyingine hujizungusha zenyewe, na zipo zinazoendeshwa kwa pampu ya mafuta, mtu anakanyaga tu. Mwana wa Mzee, aliyeishi jimbo jingine, alitaka kumnunulia baba yake mashine ya namna hii kama zawadi. Alisema baba amefanya kazi vya kutosha, apumzike.

Kwa macho ya haraka, safu ya tatu ilishinda. Lakini nilipopiga hesabu niliona jambo. Mzee alipiga mizunguko minne kwa wiki, yaani risasi 100. Kwa mashine yake ya zamani alijaza risasi 100 kwa saa moja, bila kukimbizana na mtu. Saa moja kwa wiki! Mashine ya mfululizo ingempunguzia labda dakika 40. Nilimuuliza angezitumia kufanya nini. Akafikiri, akasema, "Kutazama televisheni."

Nilimuuliza pia kama anaokoa fedha. Alicheka. Alisema kwa bunduki namba 12 risasi za bei rahisi dukani hazipishani sana na gharama ya kujaza. Wanaookoa hasa ni wenye bunduki nyembamba zaidi, kama namba 28, ambazo risasi zake ni ghali. Yeye alijaza kwa sababu ya bega. Bega lake la kulia lilikuwa linauma, na nyumbani aliweza kutengeneza risasi nyepesi, wakia 7/8 za marisau badala ya wakia 1 na 1/8, akifuata majedwali yaliyopimwa na watengenezaji wa baruti. Hakubadilisha hata kitu kimoja katika majedwali hayo. Kama jedwali lilisema ganda hili, fataki hii na kikombe hiki, basi ni hivyo hivyo. Alisema aliyeona mtutu uliopasuka hahitaji kuhubiriwa.

Ningemaliza hapo kama si jioni moja ya mwezi wa Novemba.

Kwa sababu ya macho yake tulikuwa tumeanzisha daftari. Yeye alijaza kwa ile mashine ya zamani, na mimi niliweka alama kwenye safu tano: fataki, baruti, kikombe, marisau, mkunjo. Chupa moja tu ya baruti ilikaa mezani, nyingine zote kabatini, asije akachanganya aina mbili. Tulikuwa tumefika ganda la 30 na kitu simu ilipolia juu. Alikuwa mwanawe. Mzee alipanda, akazungumza kama dakika kumi, akarudi uso umebadilika. Alikaa, akasukuma kipimio, nikasikia baruti ikishuka.

"Mzee," nikasema, "baruti ulishatia."

"Hapana, nilikuwa bado."

Nilimwonyesha alama kwenye daftari. Hakuweza kuiona vizuri. Nilitamani kunyamaza, maana mimi ni nani wa kumfundisha mtu aliyefanya kazi hiyo kabla sijazaliwa? Tena kwa malezi yangu, mtoto hambishii mzee. Lakini nilirudia. "Mzee, tafadhali, ipime."

Alitoa ganda, akamimina kilichokuwemo kwenye kisahani cha mizani. Akaniomba nisome namba. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa mara mbili ya kiasi.

Hakuna aliyesema neno. Huenda kikombe kingekataa kushuka na mdomo ukakataa kukunjika, naye angegundua. Huenda mdomo ungekunjika vizuri, na Jumamosi angeiweka ile risasi karibu na shavu lake. Alirudisha baruti kwenye chupa yake, akazima taa, akasema, "Leo basi."

Wiki iliyofuata mwanawe alikuja kwa Sikukuu ya Shukrani. Mzee alimweleza yote, jambo ambalo sikulitarajia. Kijana alisema, na alisema kwa haki, kwamba hii ndiyo sababu ya kununua mashine inayojizungusha yenyewe, maana kila unapovuta mpini ganda husogea mbele, na ni vigumu baruti kushuka mara mbili mahali pamoja. Mzee alikubali. Lakini aliongeza kwamba mashine ile ikikwama, kama zinavyokwama zote, una maganda sita mbele yako, kila moja katika hatua yake, nawe unatakiwa kukumbuka lipi lina nini. Baruti ikiisha bila kuona, unatoa risasi kadhaa zisizo na baruti. Risasi kama hiyo hutoa mlio mdogo tu, kikombe kinabaki kwenye mtutu, na inayofuata inaupasua. Alisema kijana mwenye macho mazuri anaweza kuilinda mashine ile. Yeye kwa sasa hawezi.

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mwenye daftari. Sikuwa na utaalamu wowote, nikawaeleza habari ya mama. Mama huuza simsim soko la Kitgum kwa kikombe. Hujaza, husawazisha kwa kiganja, humimina kwenye mfuko wa mteja. Mteja mwingine akimsalimia wakati anapima, haitikii mpaka amimine. Wasiomjua hudhani ana kiburi. Mwenyewe husema ukijibu salamu, mkono husahau umepima vikombe vingapi, na hasara ni yako au dhambi ni yako.

Kijana alicheka. Baba yake hakucheka. Alisema, "Mama yako angefaa kazi hii," na mimi nikahisi uzito wa ule uongo wa Oktoba.

Uamuzi ulikuwa huu. Walinunua ile ya safu ya pili, ganda moja moja, kwa sababu mikono ya Mzee ilikuwa inaijua tayari. Fedha iliyobaki kwenye zawadi ilinunua mizani ya kielektroniki yenye jiwe lake la kuhakiki, na taa yenye kioo cha kukuza. Simu iliwekewa sheria: ikilia, ganda lililo kwenye mashine linamwagwa na kuanzwa upya, hata kama una hakika. Na jambo la mwisho Mzee alilitamka mwenyewe, wala halikuwa rahisi kwake: mashine mpya itakaa kwenye sanduku lake mpaka macho yatengenezwe. Majira yote ya baridi alipiga risasi za dukani, bega likimuuma. Sanduku lilifunguliwa Machi. Siku hiyo alipima baruti mara kumi kabla ya kujaza hata ganda moja, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kipimio ni makadirio, na mizani ndiyo shahidi. Nilisoma majibu. Yalilingana.

Kila tulipomaliza alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nami pia, ingawa sikugusa kitu, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu. Hakula wala kunywa kwenye meza ile. Nilipenda kuona kwamba mtu anaweza kukiheshimu kitu bila kukitukuza. Hofu yangu haikuisha. Sikwenda uwanjani hata siku moja, ingawa alinialika mara nyingi, na mlio wa mbali wa Jumamosi bado ulinifanya nifunge dirisha. Lakini neno risasi lilikuwa limepata maana nyingine kichwani mwangu. Sasa ni madini, tena ni uzito, tena ni kiasi. Kwa mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kuamriwa alale chini, hilo si jambo dogo. Nadhani ndiyo faida ya kuisoma lugha kwa kina: ukifungua neno lililokutisha, unakuta lina vyumba vingine ndani.

Nilirudi nyumbani Juni. Siku ya pili, mama akipepeta simsim uani, nilimwambia kwamba ile mashine haikuwa ya kushona. Nilimweleza yote, tangu ndoo mpaka mizani. Ungo ulisimama.

"Uligusa?" akauliza.

"Sikugusa."

"Hata ganda?"

"Hata ganda, mama. Nilikuwa nasoma na kuandika tu."

Alikaa kimya kwa muda. "Na huyo mzee anapiga nini?"

"Visahani, mama. Vinarushwa juu, anavipiga."

"Visahani!" Alitikisa kichwa. "Hao watu wana vyombo vya kutosha." Akaendelea kupepeta, kisha akasema bila kuniangalia, "Umefanya vizuri kumwambia apime. Lakini usiniambie tena uongo. Hata mimi ningekuambia umsaidie."